Nitwike

Nilimkuta amekaa chini ya mkuyu, miguu ameinyoosha, macho ameyaelekeza ziwani. Ilikuwa saa tano asubuhi, mwishoni mwa Oktoba, majira ambayo watu wa Nyanda za Juu Kusini wameshatayarisha mashamba na wanaiangalia mbingu, na mbingu haina hata wingu. Kando yake, juu ya kingo ya udongo inayomfika mtu kifuani, lilikaa tenga lenye vyungu vitatu vya Wakisi, vimetenganishwa kwa majani makavu ya mgomba. Yeye alikuwa anapanda kwenda Ukinga. Mimi nilikuwa nashuka kwenda Matema. "Shikamoo mama," nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," akaitikia. Akalitazama begi langu, akautazama uso wangu uliolowa jasho, kisha akasema neno moja: "Tua."

Nilikuwa siku ya pili njiani. Jana yake niliondoka Kitulo kabla ya mapambazuko, kwenye uwanda ulio mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu na ambao tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa. Mwezi ule bustani ilikuwa bado imelala, nyasi zina rangi ya simba na maua yanangoja mvua ya kwanza. Nilipita mashamba ya viazi na ya pareto, nikalala Bulongwa, na alfajiri nikaanza kuteremka kuelekea Ziwa Nyasa, ambalo liko chini ya mita 500. Anayeshuka kutoka kule hadi huku hupita majira yote ya mwaka kwa siku mbili. Huanza safari na koti, akaimaliza na shati lililomganda mgongoni.

Nimezoea kutembea peke yangu. Kila mwaka kabla ya mvua huchagua njia moja ya miguu, iwe ya Mbeya, ya Iringa au ya Makete, nikaifuata hadi inapoishia. Watu huniuliza kama nimekosa nauli. Nauli ninayo. Natembea kwa sababu nililelewa na mtu aliyekuwa fundi wa kutembea, na nilipopata akili ya kumuuliza maswali alikuwa ameshazikwa. Basi maswali yale nayapeleka njiani.

"Tua," alisema yule mama, nami nikatua.

Neno hili tunalitumia kila siku bila kulitazama usoni. Mzigo hutua, jua hutua, ndege hutua. Moyo uliokuwa juu hutulia. Na mahali pa kutua ni kituo. Kabla hakijawa cha basi, cha afya au cha polisi, kituo kilikuwa mahali ambapo mtu mwenye mzigo anajua kwamba hapa utashuka. Washairi nao wanalo neno hilo. Mstari wa mwisho wa ubeti huitwa kituo, kwa kuwa hapo ndipo fikra iliyobebwa tangu mwanzo wa ubeti inapowekwa chini. Waliotuundia lugha hii walikuwa watu wa miguu, na walijua kwamba ufundi wa safari hauko katika kwenda tu. Kwenda hata ng'ombe huenda. Fundi hujulikana kwa namna anavyotua.

Bibi yangu alikuwa akitoka upande wa Kalenga kwenda sokoni Iringa mjini kwa miguu, na kichwani ana debe la maharage au kikapu cha milulu kilichojaa mayai. Nilikuwa nikifuatana naye wakati wa likizo. Kabla ya kuondoka, jambo la kwanza lilikuwa ngata. Alikuwa na kipande cha khanga kilichochakaa, maandishi yake yamefutika zamani, na hakukitumia kwa kazi nyingine yoyote. Alikikunja mara tatu kwa urefu, akakisokota kati ya viganja mpaka kikawa kamba nene, akakizungusha kwenye vidole vinne vya mkono wa kushoto, kisha akachomeka ncha kwa ndani kwa kidole gumba. Ilitoka duara kama chapati nene yenye tundu. Aliijaribu kichwani, akaitoa, akailegeza kidogo, akairudisha. Kama ngata haikukaa vizuri hakuondoka. Nilimwona siku moja akiifungua na kuisokota upya mara nne, wenzake wamesimama nje wanamwita. Aliniambia, "Mjukuu wangu, ngata mbaya inakuuma shingo, na shingo ikiuma, utaiona njia ndefu."

Tulitoka nyota zikiwa bado mbinguni. Hakutembea haraka, na hakutembea polepole pia. Mwendo wake ulikuwa mmoja, kwenye tambarare na kwenye mwinuko, na ulifanana na pumzi ya mtu aliyelala. Mimi nilikuwa nakimbia mbele, nachuma ukwaju, narudi, nakimbia tena, na ilipofika saa nne nilikuwa nalia kiu. Yeye hakuwa amegusa kibuyu chake cha togwa. Tukifika kwenye mkuyu mmoja mkubwa kando ya njia, hapo ndipo alipotua, hata kama hakuwa amechoka. Alisubiri pumzi ikae, akaloweka midomo kwanza, akasukutua, ndipo akanywa. Nami akanipa kidogo kidogo, na aliniwekea mkono begani mpaka kifua changu kiache kupanda na kushuka.

Kurudi nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Jua likiwa la utosi hakuna aliyesogea kutoka kwenye mkuyu ule. Wanawake walisukana nywele, walinyonyesha, walipanga bei za wiki ijayo. Alasiri kivuli kilipoanza kurefuka, mmoja alisimama, na wote wakasimama, na likaanza lile neno ambalo hadi leo nikilikumbuka nasikia harufu ya vumbi la njia ile: "Nitwike." Mtu mwenye mzigo mzito hajitwiki mwenyewe. Anamwambia wa jirani, "Nitwike," naye anashika upande wa pili, wanainua pamoja, na mzigo unapanda kichwani bila kishindo. Wa mwisho aliyebaki alimwita yeyote anayepita. Siku moja alipita bwana mmoja juu ya baiskeli, amevaa tai, na bibi yangu akamwambia bila kusita, "Baba, nitwike." Yule bwana alishuka, akailaza baiskeli majanini, akamtwika kwa heshima zote, akajifuta mikono, akaendelea. Wala hawakufahamiana. Njia ilikuwa na sheria yake: ukiombwa kutwika, unatwika, na ukimkuta mtu anahangaika kutua, unamtua.

Ufundi huu una umri mkubwa. Wakinga wa milima hii waliyeyusha chuma, na majembe yao yakateremka hadi kwa Wanyakyusa. Wakisi, ambao mlima na ziwa vimewabakizia ukanda mwembamba wa ardhi, waliishi kwa kufinyanga vyungu na kuvibadilisha kwa chakula. Wanaume wa nyanda hizi walikwenda kwa miguu hadi Chunya kutafuta dhahabu ya Lupa. Kote huko jembe, chungu na unga vilisafiri juu ya kichwa au bega la mtu. Tunasema hadi leo, "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi," tunacheka, na kumbe tunataja jina la mabingwa. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, kutoka bara hadi pwani, na kazi hiyo aliionea fahari.

Wapagazi hao walikuwa na neno lao la siku ya joto. Kipande cha njia kisicho na maji hawakukivuka kwa ubishi. Walipumzika, wakapika na kunywa, jua likapita utosini, kisha alasiri wakajitwika wakatembea mpaka giza, wakalala pakavu, na asubuhi yake, baridi ikiwa bado ipo, wakayafikia maji. Mwendo huo wa alasiri uliitwa terekeza, na wageni waliosafiri nao walilinakili neno hilo katika vitabu vyao. Kwa neno hilo moja maelfu ya watu walivuka nchi kavu wakiwa hai. Leo nikisikia redioni neno linalokaribiana nalo, huwa ni habari ya mtoto au mzazi aliyetelekezwa, na kila mara moyo wangu hushtuka.

Milima niliyokuwa nashuka, ramani inaiita Milima ya Livingstone. Livingstone, yule mmisionari msafiri, alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili wake kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Miaka mitano baadaye, mwaka 1879, Chuma huyohuyo aliongoza msafara wa kijana wa Kiskoti, Joseph Thomson, kutoka Dar es Salaam kupitia Uhehe na Ubena hadi kichwani mwa Ziwa Nyasa. Aliyebebwa amepewa safu nzima ya milima. Waliombeba tumewaachia mistari michache vitabuni. Hata Kariakoo, soko tunalolijua sote, imebeba jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na kila siku watu hununua na kuuza pale bila kuwakumbuka waliokufa na mizigo kichwani.

Mama wa mkuyu hakuyajua hayo ya vitabuni, wala hakuyahitaji. Alivinunua vyungu vyake jana, Jumamosi, siku ya soko la Lyulilo. Nilimuuliza kwa nini asipande pikipiki. "Mwaka jana ilinivunjia viwili," alisema. "Pikipiki haijui chungu." Alinigawia embe, nikampa mkate, tukakaa. Ziwa chini yetu lilikuwa jeupe kwa mwanga, halitazamiki. Miamba ilianza kutoa ule mtetemo wa joto unaofanya njia ionekane inatiririka. Ndege walinyamaza. Mara mbili nilitaka kunyanyuka, kwa kuwa mimi nilikuwa nashuka na kushuka ni rahisi, na mara mbili aliniangalia bila kusema kitu, nikakaa. Ilikuwa miaka mingi sijakaa mchana mzima chini ya mti na mtu ambaye haoni kukaa kuwa ni kupoteza muda.

Saa tisa na nusu alisimama. Nataka kueleza alichofanya kama nilivyokiona, kwa sababu sijui kama nitakiona tena.

Kwanza alisokota ngata, kwa kitenge, vidole vinne na kidole gumba, sawasawa na bibi yangu. Aliiweka kichwani. Kisha akaisogelea ile kingo ya udongo, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini tenga lilikuwa pale na si chini. Ukingo wake ulikuwa laini na umebonyea katikati, kama kizingiti cha nyumba ya zamani. Mizigo isiyo na hesabu ilikuwa imetua pale. Aliyejua mlima huu aliichagua sehemu hiyo kabla yetu sote, kwa urefu wake na kwa kivuli chake. Mama alikunja magoti, mgongo umenyooka kama nguzo, akashuka mpaka kichwa chake kikawa sawa na kitako cha tenga. Akalivuta kwa mikono miwili, taratibu, nusu likiwa kwenye udongo na nusu kwenye ngata. Akaacha kuvuta. Akangoja. Vyungu vilitoa sauti ndogo, majani yakatulia. Akavuta tena, tenga likamkalia lote, naye akabaki pale magoti yamekunjwa kwa pumzi tatu nzima. Halafu akanyanyuka. Sikuona mahali nguvu ilipotokea, niliona tu mtu akirefuka. Mkono wa kulia ulishuka, kisha wa kushoto, na tenga lilikuwa kama limeota pale.

Mwaka 1986 wanasayansi walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu huko Kenya, Wakikuyu wakibeba kwa mkanda wa kipajini na Wajaluo juu ya utosi. Waliona kwamba mwanamke aliyezoea anaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wake bila mwili kutumia nguvu zaidi ya anapotembea mikono mitupu. Askari aliyebeba mgongoni hakuweza hilo. Walishangaa. Bibi yangu asingeshangaa. Angeuliza tu kama ngata zao zilisokotwa vizuri.

Nami nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa yule mama, mikono yangu mitupu, nimejaa sifa za kumpa. Ndipo nilipotambua kwamba hakuniomba. Nilimwambia, "Mama, ungesema, ningekutwika."

Aligeuka mwili mzima, kama wanavyogeuka wenye mizigo. "Nimezoea," alisema. "Zamani hatukujitwika, mwanangu. Nani alijitwika? Watu walikuwepo."

Akaenda. Nilimwangalia mpaka kona ikamficha, mwendo uleule mmoja, kisha nikabaki na neno lake. Ule ustadi niliokuwa nausifu moyoni, wa kukunja magoti na kuvuta na kungoja pumzi tatu, ulikuwa umezaliwa na upweke. Aliufundishwa na njia iliyokwisha watu.

Sitamani wanawake warudishiwe ndoo. Serikali inaposema inamtua mama ndoo kichwani, naitikia kwa moyo wote, kwa kuwa niliiona shingo ya bibi yangu uzeeni na ninajua bei aliyolipa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sitaki kuwa mtu wa kuusifia mzigo alioubeba mwingine. Ninacholilia ni kwamba tulipoutupa mzigo tulitupa vyote vilivyokuja nao. Tulitupa kule kuamka na nyota. Tulitupa adabu ya kungoja pumzi ikae kabla ya kunywa, na busara ya kuliachia jua saa zake. Tulitupa macho ya kutambua mti gani unafaa kupandwa kando ya njia kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa. Na tulitupa lile ombi la neno moja ambalo lilimshusha mtu mwenye tai kutoka juu ya baiskeli.

Mkuyu wa bibi yangu haupo. Ulikatwa, na shina lake likachimbuliwa. Mahali pale pana kituo cha bodaboda. Vijana ni watu wema, wananisalimia vizuri, lakini wanakaa juu ya pikipiki zao kwenye jua kali, wamejifunika majaketi vichwani, na chini yao zimezagaa chupa za plastiki. Niliwauliza kama wanaujua mti uliokuwa hapo. Mmoja alisema aliambiwa palikuwa na mti. Hakujua ulikuwa wa kazi gani.

Yule mama alipokwisha kuondoka, nilijifunga begi langu na kuendelea kushuka alasiri ile, kwa mwendo wa terekeza, upepo wa ziwa ukinipiga usoni. Joto lilikuwa bado limo ndani ya mawe; nililisikia kupitia soli za viatu. Niliipita michikichi ya kwanza, kisha migomba, kisha mwembe mkubwa uliosimama peke yake juu ya mteremko. Chini ya mwembe ule palikuwa na kingo nyingine ya udongo, yenye urefu uleule, imebonyea vilevile katikati, na majani yalikuwa yameanza kuota kwenye ule mbonyeo. Nilisimama nikayang'oa. Najua yataota tena.

Nilifika Matema jua linatua. Wavuvi walikuwa wanatayarisha taa zao, na kando ya maji vyungu vilipangwa kwa safu, vyekundu vyenye mapambo meupe, vinangoja gari la kesho. Nililiweka begi mchangani, nikageuka kuutazama mlima. Kwa hesabu yangu, saa hiyo yule mama alikuwa amefika kwake, amesimama mbele ya mlango na vyungu vitatu kichwani. Nilijiuliza kama ndani kulikuwa na mtu wa kumtua.